Mbegu hiyo haijafa, imelala tu

Umewahi kupanda mbegu ya mti, ukainyunyizia maji asubuhi na jioni mwezi mzima, na usione hata dalili? Basi tuko wengi. Tangu ile likizo ya kupanda miti ya Novemba 13, 2023, binti yangu ameshikilia kwamba lazima tupande mgunga wetu wenyewe. Tulitia mbegu kumi katika pakiti tupu za maziwa. Hakuna iliyoota. Mtoto akasema nilimpa mbegu zilizokufa, na kwa siku mbili hakutaka kuniongelesha.

Kumbe zilikuwa hai. Mama mmoja auzaye miche kando ya barabara alicheka aliponisikia. Ganda la mgunga ni gumu kama kokoto, maji hayapenyi. Wewe chemsha maji, yaepue, kisha tumbukiza mbegu na uziache humo hadi kesho yake. Usizitie zikiwa motoni, utazipika! Zilizofura zipande, ambazo bado, zirudishe kwenye maji moto mengine. Kama ni chache, chukua kikata-kucha ulitoboe ganda kidogo, upande ulio mbali na kitovu, maana karibu na kitovu ndiko kijimea kilikolala. Kisha loweka katika maji baridi usiku mmoja.

Lakini usije ukazifanyia mbegu zote hivyo. Mwarobaini hautaki maji moto, wala hautaki kungoja. Okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama, anika kivulini, na upande kabla ya wiki mbili kwisha. Jirani yangu alizifunga ndani ya mfuko wa plastiki akingojea mvua ya kwao Kitui. Zikaota ukungu. Mgunga ndio mvumilivu: ukikaushwa vizuri na kutiwa katika mkebe wenye kifuniko, mahali pasipo joto, hukaa miaka. Changanya na jivu, la sivyo wadudu watautoboa.

Mche ukishachomoza, sisi watu wa mjini huuua kwa maji. Udongo ukilowa kila saa, shina huoza pale chini na mche ukaanguka. Toboa pakiti matundu, upe kivuli mwanzoni, kisha ukiondoe polepole. Mizizi ikitokeza chini, ikate.

Safari ya pili, mbegu saba kati ya kumi ziliota. Binti yangu huzihesabu kila atokapo shule. Sasa ananiuliza tutaipanda wapi, na sisi tunaishi ghorofa ya tatu.