Udongo wa Salamabila si shimo la zahabu peke yake

Watu wakisikia Salamabila ao Namoya, wanafikiria zahabu tu. Sisi wa Kabambare tunajua kwamba udongo huu ulikuwa na kazi mbele ya zahabu. Wazee wetu Wabangubangu walilima, waliwinda, walivua samaki. Karavani za kutoka Ujiji kwenda Nyangwe na Kasongo zilipita huku kwetu na kula chakula cha huku kwetu. Njo njia ile iliyotuletea Kiswahili hiki tunachoandika, na mpunga unaotulisha mpaka leo.

Tunaandika kwa sababu kila mara kompani inapokuja, historia hiyo inafutwa. Inasemwa kwamba pale palikuwa pori.

Maneno ya «pori» si mapya. Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya mfalme Leopold II ilitangaza kwamba udongo usio na mwenyewe ni wa serikali. Lakini kwetu shamba halilimwi kila mwaka. Linalimwa, halafu linalazwa miaka ili lipate nguvu tena. Mzungu aliona shamba lililolala, akaandika kwamba ni tupu. Halafu ikaja pamba ya lazima, na jembe letu likawa la kulipa kodi. Kisha Cobelmin ikachimba zahabu ya Namoya mpaka 1961.

Nchi ilipopata uhuru, mambo yalibadilika jina. Sheria ya Bakajika ya 1966 na sheria ya udongo ya 1973 ziliweka udongo wote mkononi mwa serikali. Ile ya 1973 ilisema udongo wa vijiji utapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka mingi ikapita, ordonansi haikuonekana. Hivyo mtu anaweza kulima pale babu yake alilima, na bado asiwe na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Katika 1976 ikaundwa SOMINKI. Katika 1982 serikali iliruhusu wananchi wachimbe, na vijana wengi wakawa wakrezeri. Kisha Banro, kompani ya Kanada, ikaleta mashine kubwa. Kiwanda cha Namoya kilianza kazi ya biashara mwaka 2016. Katika 2019 kazi ikasimama juu ya usalama mbaya.

Tuangalie vizuri. Kazi ilifungwa 1961, ikafungwa tena 2019, na mara zote mbili mshahara ulikwisha lakini watu hawakuisha. Nani aliwalisha? Ni mihogo, mpunga, mawese, na mikono ya mama zetu. Njo maana tunasema: udongo ni jambo la sendika pia. Kuna wenzetu wanaotuambia, «Ninyi kazi yenu ni mshahara na usalama wa kazini, mambo ya mashamba muachie shefu wa kijiji.» Hapana. Mfanyakazi wa mine ana bibi anayelima na ndugu anayechimba kwa nyundo. Nyumba ni moja. Ukimnyang'anya bibi shamba, mshahara wa bwana utakwenda wote sokoni kununua kile walichokuwa wakivuna.

Wengine wanasema, «Udongo ni wa serikali, mtafanya nini?» Ni kweli, sheria inasema hivyo. Lakini Kode ya madini ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inampa mwenye shamba haki ya kulipwa wakati kompani inachukua pale anapolima. Shida ni hesabu. Mnazi ao mchikichi unaohesabiwa leo kwa bei ya siku moja ungezaa miaka mingi. Na shamba lililolala, nani analihesabu? Mara nyingi hakuna. Ni kosa lile lile la 1885.

Tena, kompani haiombi udongo kwa mita. Inaomba kwa karé, na karé moja ni karibu hekta 85. Ruhusa ya kuchimba inatolewa kwa miaka 25. Mtoto aliyezaliwa siku ya saini ataoa na kuzaa kabla karatasi ile haijakwisha. Mambo ya uzito kama huo hayawezi kumalizwa mu mkutano mmoja wa nusu saa chini ya mwembe, kwa lugha ambayo nusu ya watu hawaisikii.

Basi tunaomba nini?

Kwanza, kila kijiji kichore karte yake: mashamba yanayolimwa, mashamba yaliyolala, mito ya kunywa, makaburi, na mashimo ya wakrezeri. Wazee wanajua mipaka, vijana wanajua kuandika. Wakae pamoja sasa, wasingoje mashine iingie. Nakala moja ibaki kwa shefu, moja kwa sendika, moja ku teritware.

Pili, wakrezeri wapewe zone yao. Sheria inakataza kuweka zone hiyo ndani ya karé zenye ruhusa ya kompani. Maana yake, kama kompani inashika kila kilima, vijana wetu wanakuwa wezi ku udongo wa babu zao. Sehemu ambazo kompani haizitumii zirudishwe.

Tatu, hesabu isomwe mbele ya watu. Zahabu ya dola 1 000 000 inatoa redevansi ya 3,5 %, ni kusema dola 35 000. Sheria inataka 15 % ya hizo, dola 5 250, ziende kwa sekta ao sheferi ya pale. Juu ya hiyo kuna 0,3 % ya mauzo, dola 3 000, kwa maendeleo ya watu wanaozunguka mine. Ni ngapi zimefika? Zimejenga nini? Asiye na kitu cha kuficha atasoma bila kukasirika.

Hatukatai mine. Wengi wetu tumelishwa nayo na tunataka ifanye kazi, ilipe vizuri, na isiue mtu. Lakini zahabu inachimbwa mara moja tu. Mpunga unavunwa kila mwaka, kama udongo bado uko. Wazee wenye kujua mipaka wanaondoka mmoja mmoja. Msimu huu wa kulima usipite bila karte kuanzwa.