Pikipiki Nyingi, Mafundi Wako Wapi?

Hakuna mkazi wa Mwanza asiyejua thamani ya pikipiki. Mji huu umejengwa juu ya majabali, na vijia vya Mabatini, Igogo na Bugando hupanda mahali ambapo basi haliwezi kufika. Pikipiki humfikisha mama mjamzito hospitalini usiku wa manane. Pikipiki hiyo hiyo hubeba dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, asubuhi yake. Tangu zilipotolewa kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010, kazi hiyo imekuwa tegemeo la vijana wengi, mjini na hata visiwani Ukerewe.

Hata hivyo liko jambo lililoachwa nyuma. Kijana anapofikiria kujiajiri hufikiria kununua pikipiki. Wachache mno hufikiria kuitengeneza. Vikundi vingi vinavyoomba mkopo navyo huomba vyombo vya kuendesha, si vifaa vya karakana. Matokeo yake, chombo kinachobeba roho za watu hukabidhiwa mtu yeyote mwenye spana mbili na kopo la petroli chini ya mwembe.

Hili si jambo la kupuuzwa. Katika miteremko ya Mwanza, breki iliyokwisha, mnyororo uliolegea au nati ya gurudumu isiyokazwa sawasawa yaweza kuua. Fundi aliyebahatisha hayupo ajali inapotokea. Waliopo ni dereva na abiria wake. Ni dhahiri basi kwamba ufundi wa pikipiki ni kazi ya dhamana, nayo yastahili kuanzishwa kwa utaratibu.

Utaratibu huo huanza na ujuzi. Chuo cha VETA kipo pale pale Nyakato. Aidha, kijana aliyejifunza kwa kumtazama fundi mkubwa hapaswi kudharauliwa, kwani VETA inao mpango wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Cheti hakikazi nati, lakini humlazimisha mtu kujua kwa nini nati hukazwa kwa kiasi fulani na si zaidi.

Baada ya ujuzi huja mtaji. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Vijana watano wakiungana hawahitaji seti tano za spana. Seti moja kamili, pampu ya upepo, jiriwa na akiba ya spea zinazokwisha upesi, yaani plagi, breki, nyaya za klachi na tyubu, zinatosha kufungua mlango. Mmoja wao awe mtunza hesabu, na fedha ya spea isichanganywe na fedha ya chakula. Karakana nyingi hazifi kwa kukosa wateja. Hufa kwa sababu mtaji umeliwa.

Mahali pa kazi pia pachaguliwe kwa busara. Wafanyabiashara wadogo waliohamishwa kutoka kandokando ya barabara mwaka 2021 wanajua hasara ya kujenga juu ya ardhi isiyo na kibali. Ni afadhali kulipa pango Buhongwa au Igoma kuliko kukaa bure katikati ya mji na kulala na wasiwasi.

Liko pia suala la oili chafu. Pikipiki ndogo hutoa takribani lita 1 kila oili inapobadilishwa. Karakana inayohudumia pikipiki 10 kwa siku ina lita 10 mkononi ifikapo jioni. Ikimwagwa mtaroni, mvua huipeleka Mto Mirongo, na mto huo huingia katika Ziwa Victoria, ambalo wakazi wa Mwanza hunywa maji yake na kula samaki wake. Pipa moja lenye mfuniko latosha kuzuia madhara hayo. Fundi asiyekuwa nalo anamtilia sumu mteja wake mwenyewe.

Wajibu huu si wa vijana peke yao. Halmashauri za Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, zinapopitia maombi ya mikopo, hazina budi kuuliza ni nani atakayezitengeneza pikipiki zinazoombwa. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, inayo nafasi ya kuwapa mafundi hawa mafunzo ya kuendesha biashara. Madereva nao waache kukimbilia fundi wa bei ya chini kuliko wote.

Vijana wa Mwanza wamekwisha kuonyesha kwamba hawaogopi kazi. Wapewe sasa nafasi ya kuwa mafundi kamili, ili pikipiki iliyopanda Bugando asubuhi iteremke salama jioni.