Joto la Mwanamke si Joto la Ng'ombe

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kainuk, alinijia ofisini na karatasi ya maelezo ya pete ya kielektroniki. Pete za namna hiyo, ambazo huuzwa Ulaya na Marekani, hupima joto la mwili mwanamke anapolala, kisha programu ya simu humjulisha siku zake za kushika mimba. Dada yake amekaa miaka minne katika ndoa bila mtoto, na jamaa yao wa ng'ambo ameahidi kumtumia pete. Binti huyo alikuwa ametafsiri maelezo kwa Kiswahili, lugha ambayo Mturkana na Mpokoti huzungumza wakutanapo sokoni Kainuk, naye akaniomba niyapitie.

Nilisita mahali alipoandika "mama akiingia joto". Mfugaji halihitaji kamusi neno hilo: ng'ombe akiwa na joto, ndio wakati wa kumpeleka kwa fahali. Joto la ng'ombe hutangulia, yai likafuata. Kwa mwanamke mambo ni kinyume. Yai hutoka kwanza, ndipo homoni ya projesteroni ikapandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 hivi za Selsiasi. Yai lenyewe haliishi zaidi ya saa 24, ilhali mbegu za mwanamume zaweza kungoja mwilini hata siku 5. Siku zenye tumaini, basi, ni zile zilizotangulia joto. Dada yule akilielewa neno hilo kama alivyolizoea zizini, atangoja kila mwezi hadi fursa iwe imekwisha kumpita. Naye jirani asiyetaka mimba atajiona salama katika siku zile zile za kuipata.

Maneno mengine nayo yana kasoro zake. Kliniki nyingi husema "siku za hatari". Hatari gani kwa mtu anayelilia mtoto? "Siku za rutuba" humgeuza mama shamba. Tukakubaliana juu ya "siku za kushika mimba".

Sipingi chombo chenyewe. Programu ya Natural Cycles ya Uswidi, inayotegemea joto la mwili, iliruhusiwa Marekani mwaka 2018 kuwa njia ya kuzuia mimba. Lakini programu hukadiria siku zijazo kutokana na miezi iliyopita, na homa ya malaria yaweza kuvuruga hesabu hiyo. Wala pete haimpimi mume, jambo ambalo wakwe hupenda kulisahau.

Watengenezaji na wahudumu wa afya watakaovifikisha vyombo hivi vijijini hawana budi kuwashirikisha wasemaji wa lugha zenyewe kabla ya kuchapa maelezo, si baada ya malalamiko. Binti alifuta "joto" mahali patatu, akaandika: "Mwili ukipata moto kidogo, siku za mwezi huu zimekwisha." Sehemu ya Kiturkana ataifanya na mama yake akienda nyumbani likizo.