Si Nguvu Bali Mkopo: Kafeini, Njaa na Lugha Mpakani

Inaaminika kwamba neno "bodaboda" lilizaliwa mpakani Busia, miongoni mwa waendesha baiskeli waliovusha abiria na mizigo baina ya Kenya na Uganda. Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki. Mpaka, basi, ni karakana ya lugha. Hata hivyo, mpakani humo humo huuzwa bidhaa ambayo jina lake, kwa maoni yangu, linapotosha: "kinywaji cha kuongeza nguvu".

Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya Malaba hununua kopo hilo badala ya sahani ya ugali, akidai kwamba anaua njaa. Mwendesha bodaboda wa Busia naye hushindia chai. Je, njaa hufa?

Kafeini, iwe ya chai, kahawa au kopo, huzuia ubongo kupokea adenosini, kemikali inayoujulisha mwili kuwa umechoka. Haitii nguvu, hufunika uchovu. Hamu ya chakula huweza kupungua kidogo, lakini kwa muda mfupi. Kinachotia nguvu koponi ni sukari. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini na takriban gramu 27 za sukari, ilhali mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa ni bora sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Strungi isiyotiwa sukari haina lawama hiyo.

Aidha, baada ya takriban saa tano, nusu ya kafeini ingali mwilini. Anayeinywa usiku hukosa usingizi. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2004, vijana 12 waliopunguziwa usingizi kwa siku mbili walipungukiwa na leptini, homoni ya shibe, kwa asilimia 18. Grelini, homoni ya njaa, ikaongezeka kwa asilimia 28. Njaa, kwa hivyo, haikufa. Iliahirishwa, nayo hurudi na riba.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu hapa. Istilahi si pambo, humwongoza mnunuzi. Ninapendekeza tuseme "kinywaji cha kukeshea", na maelezo ya koponi yaandikwe kwa Kiswahili. Dereva akitambua kuwa amenunua mkesha wala si nguvu, ataagiza na ugali.