Pareto Sio ya Kupigia Picha Tu

Wikendi hii tena nimeona watu watatu kwenye simu yangu wamesimama katikati ya shamba jeupe huko Molo, nguo ndefu, kofia kubwa, na chini wameandika eti ni maua ya deizi. Wasee, hiyo ni pareto. Sawa, hamjakosea sana, maana iko ukoo mmoja na deizi na alizeti. Lakini hilo ua limesomesha watu wengi wa Nakuru, Nyandarua na Kisii, na hao watu hawakulipwa inavyofaa. Hiyo ndiyo stori naitaka leo.

Kwao hasa ni Dalmatia, pwani ya Kroatia, ambako linamea lenyewe tu kwenye mawe. Kenya liliingia mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo Japani ndiyo ilikuwa ikiuzia dunia, kisha Vita vya Pili vikafunga njia, na Kenya ikachukua soko. Kuna miaka zaidi ya nusu ya pareto yote duniani ilikuwa ikitoka hapa kwetu. Sasa anayeongoza ni Tasmania, kisiwa cha Australia.

Watu husema Tasmania wametushinda kwa sababu wana mashine. Ni kweli wanazo: wao maua yao huchanua pamoja, wanavuna mara moja, kazi imeisha. Kwetu milimani karibu na ikweta ua linachanua miezi mingi ya mwaka, kwa hivyo unarudi shambani kila wiki mbili hivi na mikono yako. Shosho yangu anachuma hadi leo. Anapitisha vidole chini ya kichwa cha ua, anavuta, kijiti kinabaki kwa shina. Kikapu kikijaa ukidhani una mali, ngoja uanike. Kilo nne au tano mbichi zinakupa kilo moja kavu. Ukirundika yakiwa na unyevu yanachacha na dawa inapungua. Mvua ikinyesha, ni kukimbia nayo ndani ya nyumba, na wageni watakalia wapi hiyo si shida yake.

Halafu sasa sikiliza hapa. Mkulima halipwi kwa uzito peke yake. Analipwa kulingana na dawa iliyo ndani ya ua, ile inaitwa pirethrini, ambayo kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya ua kavu. Nyingi iko kwenye vijimbegu vya ile sehemu ya njano. Petali nyeupe mnazopigia picha ni mapambo. Na nani anapima? Mnunuzi. Mkulima anapeleka gunia, anaambiwa baadaye kwamba limetoka asilimia kadhaa, basi. Yeye hana maabara.

Kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa mmoja tu, shirika la serikali. Malipo yalipoanza kuchelewa, kwanza miezi, kisha miaka, watu walifanya kile mtu yeyote mwenye akili angefanya: waling'oa, wakapanda viazi. Viazi unauza barabarani leo na unarudi na pesa leo. Kwa hivyo nikisikia kiongozi akisema vijana wa huku ni wavivu, ndiyo maana pareto ilikufa, nakasirika. Hakuna uvivu hapo. Watu walipiga hesabu.

Soko lilifunguliwa 2013, kampuni binafsi zikaingia, na hilo ni jambo zuri, siwezi kudanganya. Lakini kila msimu naona gari la miche ya bure na hotuba ya kufufua pareto. Miche haikuwahi kuwa shida! Huu mmea ukiupanda unakaa shambani miaka mitatu hivi, na jirani anaweza kukugawia mashina. Shida ilikuwa malipo. Mngeniuliza mimi, ningeanza na mambo mawili. Pesa iingie kwa M-Pesa ndani ya wiki mbili, na riba ikichelewa. Na sampuli ya kila gunia igawanywe, nusu ipimwe na mtu asiye mnunuzi, mkulima apewe karatasi yake.

Dunia bado inaitaka hii dawa. Inaangusha mbu na wadudu wa ghalani, halafu inaisha haraka juani bila kukaa kwenye mboga. (Usiimwage mtoni lakini, inaua samaki.) Bei nzuri iko huko nje. Swali ni ngapi inafika Molo.

Kama kwenu bado mnachuma pareto, andika hapo chini: gunia la mwisho lililipwa baada ya siku ngapi? Usitaje jina la mnunuzi. Siku tu.