Hakuna Anayeiba Kioo Ili Ajitazame

Kitale kuna Milimani. Bungoma pia kuna Milimani. Miji mingi ya Kenya ina Milimani yake: sehemu ya juu kidogo, yenye miti na upepo, ambako maafisa wa mkoloni walikaa huku wafanyakazi wao wakikaa bondeni. Mkoloni alienda, jina likabaki, na mgawanyo ukabaki. Ndiyo maana hadi leo gari likiguswa Milimani usiku, asubuhi vidole vinaelekezwa bondeni. Kitale utaambiwa ni vijana wa Kipsongo. Bungoma utaambiwa ni hao wa Mandizini. Hakuna aliyeona sura, lakini kila mtu tayari anajua mtaa.

Nimechoka na huo wimbo. Kwanza hauelezi kinachoibwa. Pili unamficha mtu anayelipia.

Tuanze na kinachoibwa, kwa sababu Milimani na mtaani haviibwi vitu sawa. Milimani gari zima haliondoki kirahisi. Kuna geti, kuna soja, kuna mbwa, kuna taa za usalama. Mwizi anachukua kinachoingia ndani ya jaketi: vioo vya pembeni, swichi za madirisha, taa ya nyuma, redio, na akipata nafasi, betri. Dakika tano, ameruka ua. Mwenye gari anaamka, anatusi soja, anapiga picha, anaituma kwa grupu ya WhatsApp ya majirani. Anaenda kituo cha polisi, anapewa namba ya OB na abstrakti, kwa sababu bima yake kubwa inazitaka. Ndani ya wiki mbili gari liko sawa.

Sasa shuka Matisi au Tuwan kule Kitale, au simama steji ya Kanduyi pale Bungoma saa mbili usiku. Huku chombo ni pikipiki, na pikipiki haiibwi kioo. Inaibwa yote. Mteja anakuja, ana adabu, anataka kupelekwa mbali kidogo, bei haibishani. Mahindi ya Trans Nzoia yakishapita kichwa cha mtu mwezi wa saba, kila njia ya ndani ni ukuta pande mbili. Mbele kuna wenzake wanangoja. Dereva akibahatika, anarudi kwa miguu. Wengine wamerudishwa wakiwa maiti, na kila steji ya eneo hili ina jina la mwenzao inaloweza kukutajia.

Aliyerudi kwa miguu hana cha kudai. Bima anayolazimishwa na sheria, ile ya thadi-pati, inamlipa mtu aliyegongwa. Pikipiki iliyopotea si shida yake. Na kama aliichukua kwa mkopo, malipo ya kila siku hayasimami kwa sababu amepigwa nyundo ya kichwa. Mzee mmoja wa steji aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kijana wangu, Boxer ndiyo ng'ombe wa siku hizi. Unamkamua kila siku, na akienda, nyumba yote inalala njaa."

Mzee hakujua jinsi alivyoipiga sheria chenga. Kwenye Sheria ya Adhabu ya Kenya, mwizi wa ng'ombe anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mwizi wa chombo cha moto, pikipiki ikiwemo, ni hadi miaka 7. Wizi wa kawaida, kama wa kioo, ni hadi miaka 3. Walioandika waliona mali ya mfugaji ni uhai. Mali ya mwanabodaboda bado wanaiona kama chuma.

Kwa hivyo angalia kinachotokea. Kule juu, wizi unaandikwa kwenye karatasi, unakuwa uhalifu, unajadiliwa kwenye mkutano wa usalama. Huku chini, steji nzima inawasha injini na kufukuza. Wakimkamata mtu, awe ndiye au asiwe ndiye, kuna petroli ndani ya kila tangi pale. Asubuhi kinachobaki ni alama nyeusi barabarani na kesi isiyo na shahidi. Kisha mtu wa Milimani anapita na gari lake lenye vioo vipya na kusema, "Unaona hawa watu?"

Wale waliosoma kidogo wana jibu la kisomi zaidi. Watakuletea nadharia ya madirisha yaliyovunjika, ile iliyotangazwa na James Q. Wilson na George Kelling mwaka 1982: mtaa ukiachwa uchakae, uhalifu unaingia. Nyuma yake kuna jaribio la mwaka 1969. Mwanasaikolojia Philip Zimbardo aliacha gari Bronx, New York, na jingine Palo Alto, kitongoji tulivu cha California, yote bila namba. La Bronx lilivamiwa ndani ya dakika kumi. La Palo Alto likakaa zaidi ya wiki bila kuguswa. Watu husimulia mpaka hapo, halafu wanakuangalia kama wameshinda.

Hawasemi kilichofuata. Zimbardo mwenyewe alichukua nyundo akalipiga gari la Palo Alto, na baada ya muda mfupi watu wengine walijiunga naye kulivunja. Hawasemi pia kwamba wa kwanza kufika kwenye gari la Bronx walikuwa familia, baba, mama na mtoto, na walichofungua kwanza ni rejeta na betri. Vitu vyenye soko. Kupiga vioo kwa raha kulikuja baadaye, baada ya kila chenye bei kwisha.

Hapo ndipo Kitale na Bungoma zinakutana na Bronx. Kwetu sijawahi kuona mtu akivunja kioo cha gari cha pembeni kwa hasira na kukiacha pale chini. Kinang'olewa taratibu, kwa bisibisi, kisipate mkwaruzo, kwa sababu mkwaruzo unashusha bei. Huo uangalifu wote ni wa mfanyabiashara. Na mfanyabiashara ana mteja.

Mteja huyo tunamjua. Asubuhi anaenda kwa muuza spea, anauliza kioo cha Fielder, anaambiwa hakuna. Halafu anaambiwa yale maneno: "Lakini bosi, nitakutafutia. Rudi saa tisa." Saa nne asubuhi hakikuwepo, saa tisa kipo, safi kabisa, bei nusu, risiti hakuna. Kati ya saa nne na saa tisa hakuna kontena lililoingia Kitale kutoka Japani. Wote wawili wanajua. Ndiyo maana watu wengine wanachora namba ya gari kwenye kila kioo. Hawachori kwa sababu ya kijana wa Kipsongo, maana yeye hajali kilichoandikwa. Wanachora ili aone haya anayenunua.

Pikipiki inafuata njia ileile, ila ndefu. Iliyoibwa Kanduyi haihitaji kulala Kenya: Malaba ni chini ya saa moja, na Lwakhakha iko ndani ya Kaunti ya Bungoma yenyewe. Ya Kitale ina Suam. Isipovuka, inafunguliwa, na injini ya huyu inavaa fremu ya yule. Popote inapoishia kuna mtu mzima, mwenye pesa yake mfukoni, aliyeamua kutouliza logibuku.

Na sheria, ambayo nimeisema vibaya hapo juu, hapa iko sawa kabisa. Anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Rudia hesabu hiyo. Aliyeiba pikipiki, 7. Aliyeinunua, 14. Aliyeng'oa kioo, 3. Aliyekinunua, 14. Sheria inajua nani anaendesha biashara hii. Sisi ndio tunajifanya hatujui, kwa sababu ni rahisi kumchukia asiye na gari.

Serikali pia inajua. Januari 2022 minara ya umeme ilianguka, nchi nzima ikaingia giza, na ikasemwa wazi kwamba vyuma vyake vilikuwa vimeibwa. Rais Uhuru Kenyatta hakutuma watu kuzunguka mitaa ya mabanda kutafuta nani ana spana. Alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Alienda moja kwa moja kwa mnunuzi. Tayari kulikuwa na sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inayomtaka muuzaji awe na leseni na kuandika amenunua kwa nani. Kumbe inawezekana. Ilihitaji tu mali iliyoibwa iwe ya serikali.

Najua nitaambiwa nawatetea wezi. Mwizi akamatwe, apelekwe kortini, afungwe. Nitaambiwa pia mafundi watakula wapi. Fundi mwaminifu, anayeleta spea za mtumba kwa karatasi, ndiye anayeumizwa zaidi, kwa sababu anashindana na mtu ambaye bidhaa yake haikumgharimu kitu. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma ndizo zinazotoa leseni za biashara kwa kila duka la spea. Ziweke sharti moja: kitabu cha kuandika kila kipuri cha mtumba, kimetoka kwa nani, kimeuzwa kwa nani. Asiye nacho, leseni asipewe. Na polisi wanaojua kusimamisha bodaboda kumi kwa siku kutafuta kofia, wasimamishe muuzaji mmoja na kumuuliza risiti.

Kaunti zikichelewa, anza wewe. Fundi akikwambia urudi saa tisa, muulize kitu kimoja tu: hicho kioo kinatoka gari gani? Akicheka, akinyamaza, akisema "bosi si unajua", basi umepata sababu ya kuamini. Ukitoa pesa baada ya hapo, usimtaje tena mtu wa Kipsongo. Yeye ni wa miaka 3. Wewe ni wa 14.