Tuzitazame rangi za kobayi wetu

Katika nyumba nyingi za Vuhovi, Kyondo na vitongoji vya Butembo, kobayi hufugwa jikoni au kwenye kibanda kando ya nyumba, na mwenyewe huwajua kwa idadi tu: wangapi wa kuuza, wangapi wa kuliwa, wangapi wa kulipia madaftari ya watoto. Awe mweusi, mwekundu au wa madoa, nyama ni ile ile, basi rangi haiulizwi. Ninaamini hapo tunaacha habari ambayo mfugaji asiye na maabara wala cheti cha ukoo angeipata bure. Rangi ikifuatiliwa kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto, inaweza kumwonyesha kwamba wanyama wake wameanza kuzaana ndugu kwa ndugu, kabla hajaona watoto wakidhoofika na kufa.

Kwetu hatari hiyo haiko mbali. Jike hushika mimba angali mdogo, hata kabla ya miezi miwili, na hubeba kwa siku 68 hivi. Dume akiachwa bandani, huwapanda binti zake upesi kuliko mwenyewe anavyodhani. Tena vita vimetuachia mabanda yaliyoanzishwa na wanyama wawili au watatu tu. Ng'ombe na mbuzi waliporwa, na kobayi akathaminiwa kwa sababu anafichika kwa urahisi. Lakini tangu mauaji ya Beni yaanze Oktoba 2014, familia nyingi zimekimbia, zikaacha hata hao kobayi, kisha zikaanza upya kwa jozi ya kupewa na jirani.

Madhara yake yanajulikana kwa mnyama huyu huyu. Mwaka 1906 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianza kupandisha kobayi kaka na dada, kizazi baada ya kizazi. Sewall Wright, aliyeajiriwa huko mwaka 1915, alichambua kumbukumbu hizo na kuchapisha matokeo mwaka 1922. Koo zilizofungiwa zilipungua uzito, zikazaa watoto wachache, na vifo vya vichanga vikaongezeka. Zilipochanganywa, nguvu ikarudi. Wakati huo huo kila ukoo ulikuwa umejipatia sura yake, wanyama wakifanana rangi kuliko zamani. Ndiyo sababu banda lenye kobayi wa rangi moja tupu, ambalo mgeni angelisifu kuwa limechaguliwa vizuri, linastahili kuulizwa kwanza dume wake alitoka wapi.

Rangi nyingine hujificha. Dume mweusi anaweza kubeba urithi wa weupe wenye macho mekundu bila kuuonyesha. Akiwapanda majike wasio nao, hazaliwi mweupe hata mmoja, ila nusu ya binti zake kwa wastani wanaubeba. Siku atakapowapanda binti hao, weupe wataanza kutokea. Mtoto mweupe mmoja peke yake hathibitishi kitu, maana urithi huo unaweza kuwa umeenea kijiji kizima. Lakini weupe wanaotokea tu baada ya baba kukaa na binti zake wanasimulia jambo lililofanyika bandani usiku, mwenyewe akiwa amelala.

Hata hivyo macho hudanganya, na lazima tujue yanadanganya wapi. Wengi wetu tungekimbilia madoa, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana upesi. Wright alionyesha mwaka 1920 kwamba katika ukoo uliofungiwa kwa muda mrefu, tofauti za ukubwa wa madoa meupe karibu zote hutokana na bahati ya ukuaji tumboni, si urithi. Mama mwenye doa dogo huweza kuzaa mwenye doa kubwa bila dume mwingine kuingia. Wako pia weupe ambao pua, masikio na miguu hugeuka vyeusi wakikua, na weusi huo hukolea kwenye baridi, kwa hiyo mnyama wa urithi ule ule anaweza kuonekana tofauti katika baridi ya Butembo, iliyo juu ya mita 1,700, na katika joto la Beni. Wafugaji wa nyoka aina ya boa huko Marekani wanaujua mtego wa namna hii: koo mbili za boa wasio na weusi, ule wa Kahl na ule wa Sharp, zinafanana sana, ila ukizipandisha pamoja watoto huzaliwa na rangi ya kawaida, kwa kuwa jeni zilizoharibika si zile zile. Jina la rangi bila uzao halitoshi.

Mfugaji atasema: mimi nataka nyama na mbolea, rangi haijazi chungu. Ni kweli kwamba rangi yenyewe kwa kawaida haimdhuru mnyama. Hapa ninaitaka kama shahidi. Lakini ipo moja inayodhuru hasa. Kobayi ambao nywele nyeupe zimetawanyika kati ya zile za rangi karibu mwili mzima, wakipandishwa wao kwa wao, karibu robo ya watoto huzaliwa weupe, wenye macho madogo mno au wasio na macho, meno mabovu, na wengi hawaishi. Nyama ya hao haifiki chunguni.

Wengine watauliza ni nani atakayeandika mambo haya wakati watu hulala wakisikiliza risasi. Ninaiheshimu hoja hiyo, lakini kinachotakiwa ni kidogo sana: rangi ya baba, rangi ya mama, rangi za watoto, na mwezi waliozaliwa. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuyaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, hapa hapa Butembo, kina kitivo cha udaktari wa mifugo. Wanafunzi wake wanaweza kuwafundisha mama wa vijijini kutofautisha rangi za kufuatiliwa na madoa ya kupuuzwa, na kuzikusanya kurasa hizo kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Kisha, kabla binti wa dume hawajatimiza mwezi wao wa kwanza, dume huyo apelekwe kwa mfugaji wa mlima mwingine, na wa huko aletwe hapa.